Kazi ya Kusema Hapana: Kusoma Spektra za Supanova Baada ya Tangazo la Mawimbi ya Graviti

Mwenyekiti, walimu wangu, wanafunzi, nanyi nyote mlioacha shughuli zenu jioni hii: asanteni kwa kuja. Niliombwa nizungumze juu ya mawimbi ya graviti, yaani mitetemo ya anga lenyewe inayosambaa vitu vizito vinapozungukana na kugongana, na najua wengi mnatarajia habari za mashimo meusi na nyota zinazogongana. Nitazigusa. Lakini moyo wangu uko kwenye kazi inayofuata mawimbi hayo yakishanaswa. Ni kazi ambayo watu huikeshea mpaka alfajiri, na mavuno yake mara nyingi ni sentensi moja tu kwenye ripoti: "Hii siyo." Naipenda kazi hiyo, na ningependa mkitoka humu nanyi mjue uzito wake.

Tuanze na siku iliyofanikiwa. Tarehe 17 Agosti 2017, saa sita na dakika 41 mchana kwa saa za Greenwich, mitambo miwili ya LIGO nchini Marekani, ya Hanford na Livingston, ilinasa mtetemo uliodumu kwa takriban sekunde 100. Sekunde 1.7 baada ya mtetemo kufika kikomo, setilaiti ya Fermi ikaona mmweko mfupi wa miale ya gama. Nyota mbili za nyutroni, kila moja nzito kuliko jua letu lakini upana wake haufiki kilomita 30, zilikuwa zimezungukana kwa muda mrefu mno zikikaribiana kidogo kidogo, na sasa zilikuwa zimeungana. Mtambo wa Virgo nchini Italia ulisaidia kubana eneo la anga ambamo tukio lilitokea, na ramani ya kwanza iliyotumika kutafutia ikaja na digrii za mraba 31. Mwezi mpevu hufunika takriban digrii ya mraba 0.2. Kwa hiyo walioambiwa "tafuteni hapo" walipewa uwanja wa miezi 150 hivi iliyopangwa ubavu kwa ubavu. Saa 11 hivi baada ya mtetemo, darubini ya Swope, yenye kioo cha mita moja pale Las Campanas nchini Chile, ilipiga picha galaksi NGC 4993, iliyo umbali wa miakanuru milioni 130. Pembeni mwa galaksi hiyo palikuwa na nukta ambayo zamani haikuwapo.

Wengi hukiishia hapo kisa hiki, na hapo ndipo ninapoomba tusimame. Nukta mpya angani si ajabu hata kidogo. Darubini za upekuzi, kama ile ya ZTF pale Palomar nchini Marekani na zile za ATLAS, hupiga picha anga lote linaloonekana, zikatoa picha ya zamani kwenye picha mpya, na chochote kinachobaki kikawa ni kigeni. Kwa mwaka mmoja vigeni vya namna hiyo vinavyoandikishwa kwenye daftari la kimataifa hupita 20,000. Baadhi ni nyota za galaksi yetu zilizolipuka kidogo kisha zikatulia. Baadhi ni mashimo meusi makubwa yanayotafuna gesi katikati ya galaksi za mbali. Sehemu kubwa ni supanova, yaani nyota zinazokufa kwa kulipuka. Na katika vyote hivyo, takriban kimoja kati ya kumi ndicho hupata bahati ya kusomwa spektra na kupewa jina la aina yake. Vingine hufifia vikaondoka bila mtu kujua vilikuwa nini.

Sasa chukua uwanja wa miezi 150, au elfu moja, au elfu arobaini, uupekue usiku mmoja. Utakuta nukta mpya nyingi zisizohusiana kabisa na mtetemo ulionaswa. Zimetokea hapo kwa bahati tu, kama wapita njia waliokutwa karibu na mahali pa tukio. Sisi huwaita washukiwa. Na kama ilivyo kwa washukiwa wowote, haki inadai kila mmoja aulizwe peke yake.

Kuuliza kwenyewe ni hivi. Picha inakuambia kitu kiko wapi na kinang'aa kiasi gani, lakini haikuambii ni kitu gani. Ili kujua hilo, mwanga uliokusanywa na darubini hupitishwa kwenye ufa mwembamba, kisha kwenye kioo kilichochorwa mistari mingi iliyobanana, nao hukunjuka kama upinde wa mvua. Upinde huo ukishapimwa nguvu yake rangi kwa rangi, ndiyo spektra. Kila elementi ina rangi zake inazofyonza na kutoa, na haiazimi za jirani. Hidrojeni ina mstari wake mashuhuri katika nyekundu, kwenye nanomita 656.3. Silikoni ina wake kwenye 635.5. Heli ina ya kwake, kalsiamu ya kwake.

Katika supanova lakini hutakuta mistari myembamba iliyonyooka kama ile ya maabara. Gesi ya nyota iliyopasuka inatawanyika pande zote kwa kasi ya maelfu ya kilomita kwa sekunde. Ile inayokuja upande wetu hufyonza mwanga ulio nyuma yake, na kwa kuwa inatukaribia, alama ya ufyonzaji wake husogea kuelekea buluu. Matokeo yake kwenye grafu ni nundu moja pana na bonde ubavuni mwake, upande wa buluu. Umbo hilo huitwa umbo la P Cygni, kwa jina la nyota ambayo lilizoeleka kuonekana kwake. Bonde hilo lina habari nyingi, na hesabu yake mtu anaweza kuifanya kwenye karatasi. Ukikuta bonde la silikoni limekaa kwenye nanomita 615 badala ya 635.5, limesogea kwa asilimia 3.2 hivi. Zidisha kwa kasi ya mwanga, unapata karibu kilomita 10,000 kwa sekunde. Umepima mwendo wa mlipuko uliotokea mamilioni ya miaka kabla hujazaliwa, kwa kutumia bonde moja. Mimi mpaka leo sijaizoea hesabu hii.

Uainishaji ulianza na Rudolph Minkowski mwaka 1941. Alikuwa na supanova 14 tu mbele yake, akazigawa mafungu mawili: zisizo na hidrojeni akaziita aina ya I, zenye hidrojeni akaziita aina ya II. Mgawanyo huo ulikuja kabla watu hawajaelewa vizuri kwa nini nyota hupasuka, na bado tunautumia. Baadaye aina ya I ikapasuliwa tena. Zenye bonde la silikoni lile nililolitaja ni Ia, na hizo ni nyota vibete vyeupe, masalia madogo mazito ya nyota zilizozeeka, vilivyolipuka kwa moto wa nyuklia. Zisizo na silikoni ya namna hiyo lakini zina heli ni Ib. Zisizo na hidrojeni wala heli ni Ic. Ib na Ic, pamoja na jamaa yote ya aina ya II, ni nyota kubwa ambazo kiini chake kiliporomoka. Tofauti yao ni kiasi cha nguo zilizobaki mwilini siku ya kufa. Nyota ya aina ya II ilikufa na joho lake la hidrojeni. Ya Ib ilikuwa imevuliwa joho, ya Ic imevuliwa joho na kanzu.

Katikati yao kuna moja nataka muiweke akilini, kwa sababu itarudi mwishoni. Inaitwa IIb. Hii huanza ikiwa na hidrojeni kwenye spektra, halafu baada ya wiki chache hidrojeni inafifia na heli inajitokeza, kwa kuwa nyota ilibakiwa na utando mwembamba tu wa joho lake. Mfano wake maarufu ni SN 1993J, iliyoonekana Machi 1993 kwenye galaksi M81. Mwanga wake ulipanda, ukashuka kwa haraka siku chache, kisha ukapanda tena. Ule mng'ao wa kwanza ulikuwa ni joto la wimbi la mshtuko lililokuwa likipoa kwenye utando wa nje. Shikeni hilo: kushuka kwa haraka, kisha kupanda.

Nyota za nyutroni zikigongana, kinachotoka si supanova. Ni kilonova. Maada inayorushwa ni sehemu chache za mia za masi ya jua, ilhali supanova ya kawaida hurusha masi ya jua moja au kadhaa. Lakini maada hiyo ndogo inakimbia kwa kasi inayofika moja ya kumi mpaka karibu theluthi moja ya kasi ya mwanga, na ndani yake viini vya atomu vinameza nyutroni kwa kasi kubwa hadi vinakuwa elementi nzito: dhahabu, platini, urani, na zile za jamii ya lanthanidi. Kwa kuwa ni kidogo na kinatawanyika haraka, kitu hicho hupoa kwa siku, wakati supanova hupoa kwa wiki na miezi. Lanthanidi nazo huziba sana mwanga wa buluu, hivyo kinachobaki ni chekundu, kisha cha infraredi, mwanga ulio ng'ambo ya nyekundu usioonekana kwa macho, kisha hakuna.

Usiku wa deni haukawii kucha, na hakuna usiku wa deni kama wa kilonova. Ukichelewa siku tatu, kwa darubini nyingi umekwisha kukosa.

Na hapa ndipo palipo mtego mkubwa wa kazi hii. Turudi kwenye ile nukta ya NGC 4993. Darubini za Magellan, zilizo jirani ya Swope pale pale Las Campanas, zilichukua spektra yake ya kwanza ndani ya saa moja tangu nukta igunduliwe. Spektra hiyo ilikuwa ya buluu na laini, bila bonde wala nundu. Supanova changa ya aina ya II, yenye umri wa siku moja, nayo huwa ya buluu na laini, kwa sababu gesi yake ina joto kali na mistari bado haijajichora. Kwa hiyo karatasi ile peke yake isingetosha kumhukumu mtu. Wahenga walisema nyota njema huonekana asubuhi. Nyota hizi zinataka uzisubiri mpaka asubuhi ya pili.

Asubuhi ya pili ikafika. Joto la kitu kile lilikuwa nyuzi za Kelvin 11,000 hivi katika spektra za kwanza. Siku moja baadaye lilikuwa limeshuka hadi karibu nusu. Hakuna supanova inayojulikana inayopoa namna hiyo. Spektra zikafuatana usiku baada ya usiku kutoka kila pembe ya kizio cha kusini, zikiwemo za darubini ya SALT kule Sutherland, Afrika Kusini, na za chombo cha X-shooter kwenye darubini ya VLT nchini Chile, ambacho husoma kuanzia urujuani mpaka infraredi kwa mpigo mmoja. Zikaonyesha nundu pana mno kwenye infraredi, pana kiasi kwamba mistari ilikuwa imemezana. Mwaka 2019 kundi moja la watafiti lililorudia spektra hizo za X-shooter likatambua alama ya strontiamu, ile ile inayotia fataki rangi nyekundu. Ilikuwa mara ya kwanza elementi moja iliyotengenezwa kwa njia ile ya kumeza nyutroni kutambuliwa mahali ilipozaliwa. Kumbukeni kwamba data ilikuwa imekaa miaka miwili mikononi mwa watu. Spektra nzuri haiishi kusomwa.

Baada ya siku ile wengi tuliamini kwamba matukio ya namna hiyo yatafuatana. Haikuwa hivyo, na ningependa nikae kidogo kwenye miaka hiyo ya ukame, maana ndiyo iliyotufunza.

Tarehe 25 Aprili 2019 zikanaswa nyota mbili nyingine za nyutroni zilizoungana, masi yake kwa pamoja ikiwa mara 3.4 ya jua. Lakini safari hii mtambo wa LIGO wa Hanford ulikuwa umezimwa kwa muda, ule wa Livingston ukasikia peke yake kwa nguvu ya kutosha, na sikio moja halijui sauti imetoka wapi. Eneo la mwisho lilikuwa digrii za mraba zaidi ya 8,000, yaani sehemu moja ya tano ya anga lote. Umbali wake, karibu miakanuru milioni 520, ulikuwa mara nne ya ule wa 2017. Watu hawakukata tamaa. Walipekua na kuandikisha washukiwa, kisha darubini zenye spektrografu, yaani vyombo vya kuchukulia spektra, zikagawana kazi. Supanova zikajitokeza moja baada ya nyingine. Mshukiwa mmoja, AT2019ebq, alitusisimua kwa muda, mpaka spektra ya infraredi ilipoonyesha bonde pana la heli. Alikuwa ni nyota kubwa iliyovuliwa joho, imekufa kifo chake mwenyewe, haina habari na nyota za nyutroni.

Miezi michache baadaye, tarehe 14 Agosti 2019, mambo yalikuwa kinyume. Eneo lilibanwa vizuri, chini ya digrii za mraba 20 katika uchambuzi wa mwisho, lakini umbali ulikuwa miakanuru milioni 800 hivi. Hesabu yake ni rahisi na inauma: mara sita mbali zaidi kuliko tukio la 2017, mwanga hafifu zaidi mara 36. Shimo jeusi lenye masi ya jua 23 lilikuwa limeungana na kitu chenye masi ya jua 2.6, ambacho ama ni nyota nzito ya nyutroni kuliko zote tulizozizoea ama ni shimo jeusi dogo. Kama ni nyota, na kama ilimezwa nzima bila kuraruliwa, haikuwa na mwanga wa kutoa. Darubini kubwa za dunia zilielekezwa pale kwa wiki kadhaa. Walichokuta ni supanova za kawaida, na galaksi zenye mashimo meusi yanayopepesa. Kilonova hawakuiona.

Mtu anaweza kuuliza, na nimeulizwa zaidi ya mara moja na watu wanaogawa saa za darubini: kwa nini tutumie usiku wa mashine ya mita nane kuthibitisha kwamba supanova ni supanova? Jibu langu ni kwamba ukimya una maana pale tu unapojua umesikiliza kila mahali. Washukiwa wote wakishatolewa, ndipo unaweza kusema kwa haki: hapakuwa na kilonova yenye mng'ao kama ule wa 2017 katika sehemu hii ya eneo. Kutokana na hapo unaweza kubana kiasi cha maada kilichorushwa, na kutokana na hicho ukabana jinsi nyota ilivyoliwa. Mshukiwa mmoja akibaki hajaulizwa, hitimisho lote linavuja. Na kuna jambo la pili. Mshukiwa asiyehusika akiachwa akaingia kwenye hesabu, atapotosha umbali, atapotosha kasi ya kutanuka kwa ulimwengu. Mwaka 2017 kasi hiyo ilipimwa kwa kuunganisha mawimbi na galaksi NGC 4993, ikatoka kilomita 70 hivi kwa sekunde kwa kila megapaseki, yaani kwa kila miakanuru milioni 3.26 ya umbali. Ingekuwa galaksi siyo, namba ingekuwa upuuzi uliovaa suti.

Sasa niwaambie usiku wenyewe unavyokwenda, maana kuna vijana hapa watakaoufanya.

Orodha inafika ikiwa na washukiwa labda 50, nawe una nafasi ya spektra tano. Kwanza unawatoa wale ambao galaksi yao inajulikana iko mbali mno au karibu mno kulinganisha na umbali uliotolewa na mawimbi. Unawatoa walioonekana kwenye picha za siku zilizotangulia tangazo, kwa sababu hakuna anayetoa mwanga wa mgongano kabla ya mgongano. Waliobaki unawapanga kwa rangi na kwa kasi ya kufifia. Kisha unachagua, na kuchagua huko ni uamuzi wa mtu; nimeona watu wenye uzoefu mkubwa wakitofautiana kwa hoja nzuri pande zote mbili.

Unaelekeza darubini, unafungua kamera dakika 30 au 45. Mwanga wa mshukiwa unakuja umechanganyika na mwanga wa galaksi yake, mng'ao wa anga la usiku, na alama za hewa yetu wenyewe. Oksijeni tunayoivuta hukata bonde refu kwenye nanomita 760, na nilipokuwa mwanafunzi niliwahi kulipa bonde hilo jina la elementi ya nyota na kulitetea mbele ya wenzangu. Tangu hapo, kabla sijatazama chochote, naweka alama kwenye 760. Taa zenye gesi ya neoni na argoni hutumika kupima wapi pana nanomita ngapi. Nyota sanifu, ambazo mng'ao wake unajulikana, hutumika kurekebisha nguvu ya rangi.

Ukimaliza unakuwa na mstari uliojaa mikwaruzo, na unaupeleka kwenye programu inayoulinganisha na maktaba ya spektra za zamani. SNID ndiyo inayojulikana zaidi. Programu itakupa jibu, na shida ni kwamba itakupa jibu siku zote. Ukiipa spektra ya galaksi tupu, itakutafutia supanova inayofanana nayo. Kama maktaba yake imejaa Ia, nazo katika upekuzi wa kawaida ndizo nyingi kuliko zote, itapenda kusema Ia. Na kilonova zenye spektra nzuri maktabani zinahesabika kwa vidole vya mkono mmoja, hivyo kitu cha ajabu kweli kitalazimishwa kufanana na cha kawaida. Ndiyo maana nasisitiza macho kwanza. Tafuta hidrojeni; ukiikuta kwenye mlipuko wenyewe, mshukiwa ni supanova, anatoka kwenye orodha. Tafuta silikoni. Tafuta heli. Pima upana wa mabonde: kama kasi ni kilomita 10,000 kwa sekunde, upo kwenye nchi ya supanova, kama ni 20,000 au 30,000, inaweza kuwa Ic yenye mistari mipana, jamaa ya ile SN 1998bw iliyoandamana na mmweko wa gama mwaka 1998, na hapo uwe mwangalifu sana, kama ni 60,000, mwamshe kiongozi wako. Halafu ndipo uiulize programu.

Sasa nifike kwenye tukio ambalo limenifanya nikubali mwaliko huu.

Tarehe 18 Agosti 2025, siku moja baada ya kutimia miaka minane ya lile la kwanza, LIGO na Virgo zilitoa tangazo lililopewa namba S250818k. Ishara ilikuwa dhaifu, na uwezekano wa kuwa ni kelele tu za mitambo haukuwa mdogo. Lakini kilichovuta macho ni kwamba angalau kitu kimoja kati ya viwili vilivyoungana kilionekana kuwa na masi ndogo kuliko jua. Nyota ya nyutroni yenye masi hiyo haitarajiwi katika nadharia ya kawaida. Saa chache baadaye ZTF ikapata nukta ndani ya eneo, umbali wa miakanuru bilioni 1.3. Ikaitwa AT2025ulz. Siku tatu za kwanza ilifanya kila kitu ambacho kilonova ya 2017 ilifanya: ilififia haraka, ikaelekea wekundu. Mkiwa mmenisikiliza vizuri, mnaweza kuhisi jinsi watu walivyolala, au walivyokosa kulala, usiku ule.

Kisha ikapanda. Ikang'aa tena, ikarudi kwenye buluu, na spektra zikaonyesha hidrojeni. Baadaye na heli. IIb. Kushuka kwa haraka, kisha kupanda, kama SN 1993J miaka 32 kabla yake.

Wengi waligeuza darubini zao wakaenda kwingine, na siwalaumu. Kwa kanuni nilizowaeleza jioni hii, mshukiwa aliyeonyesha hidrojeni ametoka kwenye orodha. Lakini kundi moja likiongozwa na Mansi Kasliwal wa chuo cha Caltech nchini Marekani liliendelea kukusanya data, kisha likaleta pendekezo zito: kwamba huenda nyota kubwa iliyokuwa ikizunguka kwa kasi iliporomoka, na katika kuporomoka huko zikazaliwa nyota mbili ndogo za nyutroni badala ya moja, nazo zikaungana ndani ya supanova ile ile. Wameuita uwezekano huo superkilonova. Wenyewe wamesema wazi kwamba ushahidi hautoshi kuthibitisha. Wengine waliochambua kitu hicho hicho wanaona supanova ya IIb iliyopita njia wakati usiofaa, ikiwa na joto la mshtuko linalopoa kwenye utando wake.

Mkiniuliza mimi, naegemea kwa hao wa pili. Ishara ilikuwa dhaifu, na supanova za IIb zipo za kutosha kuangukia kwenye eneo la upekuzi kwa bahati. Lakini naegemea tu, sijakaa, na kinachonizuia kukaa ni kwamba spektra zile zipo. Kama watu wangeacha kuzichukua usiku wa kwanza hidrojeni ilipoonekana, leo tusingekuwa na cha kubishania. Orodha ya kanuni niliyowapa imejengwa juu ya kilonova moja iliyosomwa vizuri na nyingine chache zilizosomwa kwa taabu. Kanuni ya kwamba hidrojeni humwondoa mshukiwa ni nzuri, nami naitumia. Ila naitumia nikijua imetoka wapi.

Duru ya nne ya usikilizaji wa LIGO, Virgo na mtambo wa KAGRA wa Japani, iliyoanza Mei 2023, ilifungwa tarehe 18 Novemba 2025. Wakati mitambo inaboreshwa, darubini ya Rubin pale Cerro Pachón nchini Chile, yenye kioo cha mita 8.4 na kamera inayofunika digrii za mraba 9.6 kwa picha moja, inaingia kazini. Imekusudiwa kutoa hadi taarifa milioni 10 za mabadiliko kwa usiku mmoja. Washukiwa hawatakuwa 50 tena. Na Rubin haichukui spektra. Kila itakachokiona kitahitaji darubini nyingine, spektrografu nyingine, mtu mwingine wa kukesha. Na vingi vitakuwa hafifu kiasi kwamba mashine kubwa tu ndizo zitakazoweza kuviuliza.

Kwa hiyo ombi langu kwenu mtakaokaa kwenye viti hivyo ni dogo na ni la kazi. Mkipata supanova ya kawaida katikati ya upekuzi, itangazeni usiku ule ule, ili mwenzenu upande wa pili wa dunia asipoteze saa yake juu ya kitu hicho hicho. Andikeni aina, na umri wake kwa siku tangu kilele cha mng'ao, na mhamo mwekundu (kule kusogea kwa mistari kuelekea nyekundu kunakotuambia umbali) mliuchukua wapi: kwenye mistari ya galaksi au kwenye supanova yenyewe, maana ni vitu viwili tofauti. Andikeni programu iliyotumika na ilichopendekeza nafasi ya pili na ya tatu. Kama hamna uhakika, andikeni kwamba hamna uhakika. Na spektra yenyewe iwekeni wazi, hata kama ina mikwaruzo.

Picha hii ya mwisho iliyoko ukutani inaonyesha mfano wa spektra ya IIb katika wiki zake za mwanzo, ya aina ile iliyoonekana kwa AT2025ulz. Pale kulia ni nundu ya hidrojeni. Mstari wa vitone kwenye 760 ni oksijeni yetu, msiuhesabu. Nitaiacha hapo wakati wa maswali. Ningependa kuanza na wanafunzi wa safu ya nyuma, na swali langu kwao ndilo la kwanza: mngekuwa ninyi usiku ule, na mmebakiwa na spektra moja tu, mngeielekeza wapi?